Kelele za Upper Hill zina historia

Wasee, leo tuongee kelele. Si za matatu, za hewani.

Panda Upper Hill na ile redio ndogo ya mkono, ya bei rahisi, ambayo watu wa redio ya ridhaa hupenda kuanza nayo. Utasikia vitu hukuitisha: muziki wa FM chini kwa chini, mkwaruzo wa data, nusu ya maneno ya soja wa geti fulani. Halafu ile stesheni uliyokuwa unatafuta inamezwa kabisa. Wengi husema redio ni feki. Mimi nasema inakusomea historia ya kilima.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Wakubwa Wazungu wa reli wakajijengea juu kilimani, kwenye hewa safi, na wafanyakazi wakabaki chini. Utangazaji ulipoanza mwaka 1928 ulikuwa wa Kiingereza, wa walowezi. Ardhi ya juu ilikuwa na wenyewe, mawimbi pia.

Uhuru ulipokuja, wapenzi wa redio ya ridhaa waliacha kutumia VQ4, alama ya koloni, wakaanza kujitambulisha kwa 5Z4. Lakini utangazaji ulibaki mkononi mwa mmoja: 1964 serikali iliuchukua, ukawa Sauti ya Kenya. Ndiyo maana wanajeshi waliojaribu mapinduzi tarehe 1 Agosti 1982 walienda kushika kituo cha redio. Ukishika maikrofoni moja, nchi nzima inakusikia wewe tu.

Kisha mambo yakafunguka. Capital FM ilikuja 1996, zingine zikafuata. Kufikia 2000 simu za mkononi zilianza kuwa za watu wa kawaida. Ofisi nazo zikachoka na msongamano wa katikati ya jiji, zikahamia Upper Hill. Mwaka 2017 Britam Tower ikakamilika, mita 200. Na gorofa ndefu juu ya kilima ni mahali pazuri sana pa antena.

Sasa kwa nini redio inachanganyikiwa? Redio za zamani zilikuwa na vichujio vya kuzuia mawimbi yasiyohitajika. Hizi ndogo, kama Baofeng UV-5R, zimeweka karibu kila kitu kwenye chipu moja, na mlango wake wa mbele uko wazi. Mawimbi mawili yenye nguvu yakiingia pamoja, yanazaa la tatu humo ndani. Piga hesabu: moja liko megahetsi 150, lingine 155. Mara mbili ya 150, toa 155, unapata 145. Hiyo ni katikati ya bendi ya ridhaa, 144 hadi 146. Hakuna mtu anayerusha hapo, lakini wewe unasikia. Na hakuna aliyevunja sheria, kila mtu yuko kwenye masafa aliyopewa.

Kuna wazee wanaokumbuka hewa tulivu ya zamani. Poa, ilikuwa tulivu, lakini sababu moja ni kwamba wengi hawakuruhusiwa kuongea. Mimi sibadilishi kelele hizi na utulivu ule.

Ila kuna bei. Siku ya janga, mitandao ya simu ikijaa, redio ya mkono inaweza kuwa ndiyo imebaki. Kilima hiki kina Hospitali ya Kenyatta na maelfu ya wafanyakazi. Redio iliyoziba masikio hapa haisaidii mtu.

Kwa hivyo usitupe redio yako. Tafuta kichujio, shuka upande wa pili wa jengo, jaribu antena fupi: wakati mwingine kusikia kidogo ndiko kusikia vizuri. Na kabla ya kubonyeza kuongea, chukua leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Babu zetu hawakuwa na nafasi kwenye hewa hii. Sisi tunayo, na ni wachache sana wetu wanaoitumia.