Bembelezi la Wapokomo na Moyo Uliosonona

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imezoeleka kuelezwa kwamba bembelezi hutuliza. Kauli hiyo huuweka uwezo wote katika wimbo wenyewe: mahadhi ya polepole, takriri na sauti ya mama. Historia ya bembelezi moja la Wapokomo, wakulima wa kingo za Mto Tana, yadhihirisha upungufu wa kauli hiyo.

Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop aliyeiongoza, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kuuandaa wimbo wa taifa la Kenya. Lahani iliyoteuliwa ilitokana na bembelezi la Kipokomo, na Meza Moroa Galana ndiye anayetajwa kuwa chimbuko lake. Maneno mapya yalitungwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Hivyo, tangu uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, lahani iliyomlaza mtoto ikawa ya kuwasimamisha wima watu wazima. Muktadha ulipogeuka, hisia nazo ziligeuka.

Hata hivyo, muktadha ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili imo katika hali ya msikilizaji. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, walionyesha kwamba muziki umpendezao mtu huchochea kemikali ya dopamini katika striatamu, sehemu ya ubongo inayohusika na raha. Kwa wenye sonona, uchunguzi wa picha za ubongo umebaini mwitiko hafifu wa sehemu hiyo hata kwa nyimbo wazipendazo. Ingawa wagonjwa wote hawafanani, mgonjwa wa namna hii huusikia wimbo na kuutambua, na pengine huweza kuuimba wote. Kilichopungua ni ladha yake.

Jambo hili lina uzito katika delta ya Tana. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yaliwahamisha watu. Mapigano ya Wapokomo na Waorma, tangu Agosti 2012 hadi mapema 2013, yaliua zaidi ya watu 100. Msiba si lazima uwe sonona, lakini misiba ifuatanayo huikaribisha. Mkusanyaji wa nyimbo afikaye Garsen huweza kumkuta mama aimbaye bila uchangamfu, au anyamazaye kabisa, naye akaandika daftarini kuwa mapokeo yamekufa. Huenda mapokeo yangali hai kikamilifu katika kumbukumbu ya mama huyo, ila raha ya kuyaimba imemtoka.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mhakiki apimaye wimbo pasipo kumpima aubebaye huona wepesi huo huo wa usufi.