Bibi Alice Stebbins Wells: Kutoka Mimbarini hadi Kituo cha Polisi

Waandishi wengi wanaoeleza habari za Bibi Alice Stebbins Wells huanza na beji yake. Desturi hiyo huficha jambo lililo kubwa zaidi, maana mwanamke huyu alikuwa mhubiri kabla hajawa askari, na asiyeujua uhubiri wake hawezi kuufahamu uaskari wake.

Alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka wa 1873. Alisoma elimu ya dini huko Hartford, akawa msaidizi wa mchungaji mjini Brooklyn, kisha akaongoza kanisa katika Oklahoma, nyakati ambazo mwanamke kusimama mimbarini lilikuwa jambo geni kwa waumini wengi. Imani yake ilimfundisha kwamba ni heri kumzuia mtu asianguke kuliko kumwadhibu akiisha kuanguka. Na fundisho hilo ndilo alilolipeleka kwa polisi wa Los Angeles.

Wala hakwenda peke yake. Alikusanya saini za raia mia moja, akazipeleka kwa Meya George Alexander na baraza la mji, na mwezi wa Septemba 1910 akaajiriwa. Alipewa ufunguo wa sanduku la simu, kitabu cha kanuni, kitabu cha huduma ya kwanza na beji. Sare alijishonea mwenyewe. Askari waliruhusiwa kupanda tramu bila nauli, lakini Bibi Wells alipoonyesha beji yake makondakta walimshutumu kuwa anaitumia ya mumewe. Ikabidi apewe nyingine, iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya polisi mwanamke, nambari moja. Kiswahili kisingewapa makondakta wale kisingizio katika jina lenyewe, kwa kuwa neno askari halichagui mume wala mke. Ila hata Waswahili, wakimwona mwanamke mwenye sare, huongeza upesi maneno "wa kike".

Kazi yake ilikuwa kukagua kumbi za dansi, sinema na mahali pa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na kutafuta watu waliopotea. Baadaye ikaamriwa kwamba msichana asihojiwe na askari mwanamume.

Kumwita wa kwanza kabisa si sahihi. Marie Owens alikuwa polisi Chicago tangu mwaka wa 1891, na Lola Baldwin aliapishwa Portland mwaka wa 1908. Sifa yake Bibi Wells ni nyingine: alizunguka miji mingi akihutubia kwa ufasaha wa mhubiri, na mwaka wa 1915 akawa rais wa kwanza wa chama cha kimataifa cha polisi wanawake.

Hata hivyo, hoja iliyofungua mlango ndiyo iliyopunguza nafasi ndani ya nyumba. Ikiwa mwanamke aliingia polisi kwa ajili ya huruma ya mama na ulinzi wa maadili, wakubwa waliona haki kumweka kwa watoto na wasichana tu. Bibi Wells aliteuliwa kuwa mwanahistoria wa idara hiyo mwaka wa 1934, akastaafu mwaka wa 1940, akafariki mwaka wa 1957. Mwaka wa 1973 Fanchon Blake, askari wa idara ile ile, aliishtaki mahakamani kwa kuwanyima wanawake vyeo sawa na wanaume.