Sodiamu na Potasiamu: Chumvi Ipi Hasa?

Mtoto akianza kuharisha hapa Riruta Satellite, kuna mzazi atakayekwenda duka la dawa kununua pakiti ya ORS ya kurudisha maji mwilini, na kuna atakayechukua lita moja ya maji yaliyochemshwa akatia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Njia hii ya pili imeokoa watoto wengi na ni heri iwepo kuliko kukosa kabisa. Tatizo ni kwamba watu wengi huamini vitu hivi viwili ni kitu kimoja, kwamba pakiti ni chumvi na sukari iliyofungwa vizuri tu.

Tazama fomyula ya ORS ambayo Shirika la Afya Duniani limeitumia tangu 2002. Katika lita moja ya maji huwekwa gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu, na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Chumvi ya dukani ni kloridi ya sodiamu iliyoongezwa iodini kidogo. Kwa hiyo mchanganyiko wa nyumbani una sodiamu lakini hauna potasiamu, na neno letu "chumvi" halimwonyeshi mzazi pengo hilo. Mpishi analitumia kwa kile kinachokolea mchuzi, mwanakemia kwa kundi zima la misombo, na muuguzi huwaambia watu "chumvi za mwilini zimepungua" bila kutaja zipi.

Istilahi zenyewe tunazo. Wengi husema na kuandika sodiamu na potasiamu. Wapo pia wanaopendelea natiri na kali, kutokana na natrium na kalium, majina yaliyozaa alama Na na K ambazo wanafunzi hukariri bila kuambiwa zilikotoka. Natrium inarudi hadi kwenye natroni ya Misri ya kale, kitu kinachokaribiana sana na magadi yetu. Kalium imetokana na neno la Kiarabu al-qali, jivu la mimea. Mimi ningeipokea natiri bila shida, lakini kali siwezi. Tayari tunasema asidi kali kwa maana ya asidi yenye nguvu, na mwanafunzi atakayekutana na "ayoni kali" ataelewa kitu kingine kabisa. Basi na tushike sodiamu na potasiamu, tuzitumie hadi zizoeleke mdomoni.

Kwa kweli elementi hizi mbili zimekwisha kuzoeleka jikoni. Kwa mama mboga wa Kawangware anayeuza mrenda na kunde utapata pia magadi, yale mawe meupe ya kulainishia mboga. Jina ni lile la Ziwa Magadi huko Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu, mabaki ya maji ya volkeno yaliyokaushwa na jua. Waluhya wengi wa mtaa huu wanajua pia musherekha: maganda ya maharagwe, magunzi ya mahindi au maganda ya ndizi huchomwa, jivu likachujwa kwa maji, na maji hayo yakatiwa kwenye mboga. Humo kilichojaa ni kabonati ya potasiamu. Vyote viwili hulainisha mboga, na ulimi hauwezi kusema kipi ni sodiamu na kipi ni potasiamu. Hata Ulaya wataalamu walivichanganya kwa karne nyingi. Ni mwaka 1807, jijini London, ambapo Humphry Davy alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyushwa akapata potasiamu, na siku chache baadaye akapata sodiamu kutoka kwenye haidroksidi ya sodiamu.

Kwa nini jivu liwe na potasiamu nyingi? Kwa sababu mmea ni rundo la seli, na seli hai hupenda potasiamu ndani na sodiamu nje. Kwetu sisi binadamu, majimaji yaliyo nje ya seli yana sodiamu milimoli 140 hivi kwa lita na potasiamu 4 tu. Ndani ya seli potasiamu ndiyo hufika 140, sodiamu ikabaki kati ya 10 na 15. Hali hiyo haijiweki yenyewe. Kwenye utando wa seli kuna protini inayotoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, inayotumika. Mdenmark Jens Christian Skou aliieleza mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Neva ikipeleka ujumbe, milango hufunguka, sodiamu ikamiminika ndani na potasiamu ikatoka, yote kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi. Pigo la moyo nalo linategemea tofauti hiyohiyo.

Kuharisha humwaga zote mbili. Utumbo huingiza sodiamu pamoja na glukosi kupitia mlango mmoja, maji yakafuata, ndiyo maana sukari ya ORS si ya kupendeza mdomo. Potasiamu isiporudishwa, misuli hulegea, tumbo huvimba kwa sababu utumbo umeacha kusukuma, na mapigo ya moyo huenda ovyo.

Wagonjwa wengine nao wanahitaji neno lililo wazi. Mwenye presha akiambiwa apunguze chumvi, huacha kuinyunyiza mezani, kisha akala mrenda uliotiwa magadi kila jioni akidhani ametii. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini sodiamu ni ileile. Mwenye figo zilizochoka ana hatari tofauti, maana potasiamu isiyotoka kwenye mkojo hujilimbikiza kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Huyo ndiye wa kuambiwa aache musherekha, na ataambiwaje kama daktari na mgonjwa wote wanasema "chumvi"?

Kwa mtoto anayeharisha, pakiti ya ORS ndiyo ya kutafuta kwanza. Lita yake moja ina potasiamu miligramu 780 hivi. Ikikosekana, mchanganyiko wa nyumbani uende pamoja na maziwa ya mama, na kwa aliyeanza kula, ndizi mbivu iliyopondwa, kwani ndizi moja ya wastani ina miligramu 400 hivi.