Shawa ya umeme na waya wa ethi

Shawa ya umeme ya wati 5,500, kwa volti 240 za Kenya, huvuta takribani ampea 23. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Ndiyo maana shawa hupewa waya wake mnene na swichi yake, ya ampea 32 kwa kawaida.

Waya mnene huzuia moto tu. Anayeoga hulindwa na ethi, waya wa kijani na njano ambao baadhi ya mafundi huuacha ukining'inia kwa sababu shawa inawaka bila huo. Inawaka, kweli. Lakini elementi ikiharibika, umeme unaovuja hupitia mwilini mwako. Kifaa kinachokata umeme uvujaji unapofika miliampea 30 huongeza kinga. Bomba likikutekenya vidole, zima swichi kuu na uite fundi mwenye leseni.