Nyungunyungu na Maganda ya Jikoni

Mwaka 1777 Gilbert White, kasisi aliyeishi katika kijiji cha Selborne huko Uingereza, aliandika barua ya kumtetea kiumbe aliyechukiwa. Watunza bustani walilalamika kwamba nyungunyungu anachafua njia. Wakulima walidai anakula mimea michanga. White alisema bila yeye ardhi ingekuwa baridi, ngumu na tasa.

Ushahidi ulikuja na mwanasayansi Charles Darwin. Desemba 1842 alitandaza vipande vya chaki juu ya shamba karibu na nyumba yake huko Kent, Uingereza, kisha akasubiri miaka 29. Mtaro ulipochimbwa mwaka 1871, chaki ilionekana kama sentimita 18 chini ya majani. Haikufukiwa na jembe. Nyungunyungu walikuwa wamekula udongo wa chini na kuutoa juu kama kinyesi, chembe kwa chembe. Darwin aliwafuga pia ndani ya vyungu, akawapa kabichi, karoti na vitunguu ili ajue wanapenda nini. Yote hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa.

Kisha dunia ikageukia kwingine. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, kwa naitrojeni ya hewani. Mbolea ikawa kitu cha kununua kwa gunia, na maganda yaliyokuwa yakirudi shambani yakaishia jaani.

Waliomrudisha nyungunyungu walimpeleka jikoni. Mwaka 1982 Mary Appelhof, mwalimu wa biolojia wa Kalamazoo, Marekani, alichapisha kitabu kilichofundisha familia kufuga minyoo ndani ya sanduku. Si kila nyungunyungu hufaa: wachimbaji wa udongo wa kina hudhoofika humo, bali wale wekundu wanaoishi kwenye samadi na majani yanayooza hustawi. Wanahitaji unyevu, hewa na giza. Bakteria na kuvu hulainisha mabaki ya mboga, nyungunyungu huyameza na kuyasaga, na baada ya miezi michache hubaki mboji nyeusi yenye harufu ya udongo uliolowa mvua.

Kwa Kuba haya hayakuwa mambo ya kujifurahisha. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mbolea ya kuagizwa iliadimika, na mboji ya nyungunyungu ikawa miongoni mwa nguzo za bustani za mijini zilizolisha watu.

Nasi tuna hisa katika historia hii. Mmoja wa nyungunyungu wanaofugwa sana India na Ufilipino, Eudrilus eugeniae, asili yake ni Afrika Magharibi. Mwana wa bara letu anarutubisha mashamba ya mbali, huku magunia ya maganda ya ndizi na majani ya kabichi yakioza kando ya masoko yetu. White alimtetea kwa barua, Darwin kwa miaka 29 ya subira. Sisi twaweza kumtetea kwa ndoo moja ya maganda.