Mapato na Matumizi: Miaka Mia ya Kagera Kudai Hesabu

Mkazi wa Buhembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, akisema hapigi kura tena, wapo wanaokimbilia kumwita mzembe au mtu asiyejua haki zake. Kwa hukumu hiyo wanamwonea. Watu wa Kagera walianza kudai hesabu kwa watawala wao Tanganyika ikiwa bado haina bendera yake, na wamechoka kwa sababu wanakumbuka mno.

Dai la kwanza lilikuwa la ardhi. Katika falme za Wahaya, mkama (mfalme) aliweza kumtunuku mtu wake vibanja (mashamba ya migomba) ambavyo wengine walikwisha kuvilima, na wenye vibanja wakaamka wapangaji, wakidaiwa mazao na utumishi juu ya migomba waliyoipanda wenyewe. Huo ndio mfumo wa nyarubanja. Wajerumani waliwaimarisha wakama waliowatii, na kahawa ilipoanza kuleta fedha, tamaa ya nyarubanja mpya ikaongezeka. Waingereza nao wakawatumia wakama hao hao kama serikali ya wenyeji. Mkulima aliyemlalamikia mtwale wake, yaani chifu mdogo, alipeleka kesi kwa jamaa za mtwale.

Ndiyo maana mwaka 1924 chama cha Bukoba Bahaya Union kilizaliwa mapema hivyo. Miongoni mwa waasisi wake walikuwa Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki, watu waliosoma, waliojua kuandika barua kwa serikali na kusubiri jibu. Baadaye Kiiza aliongoza chama cha wakulima wa kahawa ili wauze zao lao bila kumtegemea dalali. Mwaka 1937 serikali ilipoleta amri za namna ya kutunza mibuni, wakulima waliwakatalia wakaguzi kuingia mashambani mwao, na ghasia zikazuka. Walishindwa, lakini swali lao lilibaki: anayetoa amri juu ya kahawa yangu anawajibika kwa nani? Miaka ya 1950 mwanaharakati Ali Migeyo alizunguka na swali la namna hiyo. Mkutano wake wa Kamachumu, katika Muleba ya leo, ulitawanywa na polisi, naye akafungwa.

Kwa hiyo TANU ilipofika Buhaya ilikuta watu ambao tayari walikuwa na hasira na hoja. Na kwa haki yote, miaka ya mwanzo ya Uhuru iliwalipa. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1965, ikikamilishwa na ile ya 1968, ikaondoa nyarubanja, na mpangaji akawa mwenye kibanja. Sidhani kuna serikali iliyowahi kufanya jambo kubwa kuliko hilo kwa mwananchi wa kawaida wa Kagera. Imani iliyofuata haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na kibanja cha kuonyesha.

Tatizo ni kilichofanyiwa imani hiyo. Wakulima walikuwa na ushirika wao, Bukoba Native Co-operative Union, tangu mwaka 1950. Ulikusanya kahawa kutoka vyama vya msingi vijijini, na kwa makosa yake yote (wizi ulikuwepo, upendeleo ulikuwepo) ulikuwa na mkutano mkuu ambapo mkulima angeweza kusimama na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Kahawa ikaingia mikononi mwa Mamlaka ya Kahawa, chombo ambacho mkulima hakukichagua na hakuweza kukiondoa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo chama kikuu cha ushirika cha mkoa, KCU, kipo. Lakini kizazi kizima kilijifunza kwamba mali waliyoichangia inaweza kuondoka kwa tangazo moja bila wao kuulizwa. Naamini hapo ndipo uchungu wa siku hizi ulipoanzia, kabla ya vyama vingi na kabla ya kashfa za magazetini.

Pamoja na hayo, Kagera ilipodaiwa tena ilitoa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe na kulivunja daraja la Kyaka. Kampala iliangushwa Aprili 1979, na mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, sabuni na sukari zikaendelea kuadimika. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakabainika katika hospitali ya Ndolage, Muleba, na mabibi wa mkoa huu wakaanza kuzika watoto wao na kulea wajukuu.

Waliofunga mikanda kipindi hicho waliambiwa kwamba viongozi nao wamefungwa na masharti. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni au kupangisha nyumba. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Mwananchi hakuombwa ridhaa. Tangu hapo kiongozi anaweza kuhubiri kujitolea jukwaani na kuhesabu kodi za nyumba zake jioni, bila kuvunja kanuni yoyote.

Kisha tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake wa abiria 430. Mamia walikufa, karibu kila ukoo ukaguswa. Meli mpya iliahidiwa kampeni hadi kampeni. Mkataba ukasainiwa 2018, na MV Mwanza ikashushwa majini Februari 2023.

Wapiga kura wa Bukoba Mjini hawakukaa wakilalamika tu. Mwaka 2000 walimchagua Wilfred Lwakatare wa CUF, 2005 Khamis Kagasheki wa CCM, 2015 wakamrudisha Lwakatare kwa tiketi ya CHADEMA. Huku ni kujaribu kila mlango. Mwaka 2013 madiwani wanane wa CCM walifukuzwa uanachama na chama chao mkoani katika ugomvi wao na meya juu ya miradi ya manispaa, kisha ngazi ya taifa ikautengua uamuzi huo. Mwaka uliofuata Rais Kikwete alimwondoa katika uwaziri mbunge wa Muleba Kusini, Profesa Anna Tibaijuka, kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 zilizotoka kwa mmoja wa wanufaika wa fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Alieleza kwamba zilikuwa mchango wa shule, na kwamba milioni 10 alizochukua zilikuwa za mboga. Mwaka 2015 alirudi bungeni. Mkulima anayeuza kahawa yake ikiwa bado ua, kwa butura, apate ada ya mtoto, aliisikia hesabu hiyo ya mboga kwenye redio.

Kisha likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9. Liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Kata kama Hamugembe ziliumia vibaya. Michango ikamiminika. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwatimua Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa, wakidaiwa kufungua akaunti yenye jina sawa na ile rasmi ya maafa. Januari 2017 alifika Bukoba na kuwaambia waathirika wazi kuwa serikali haitawajengea nyumba. Sekondari ya Ihungo ilijengwa upya, na ni shule nzuri. Lakini watu walikuwa wameona michango ikiombwa kwa picha za nyumba zao wenyewe zilizoanguka.

Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani, karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43, 19 walikufa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Katika yote haya kinachokosekana ni hesabu, ingawa sheria inaagiza mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Mwenyekiti asiyeyasoma huzomewa, na wengine wamewahi kung'olewa. Fedha za tetemeko ndizo ningetaka zisomwe hivyo kwanza, mtaa kwa mtaa, katika kata za Hamugembe, Kashai na Buhembe: ziliingia ngapi, kutoka kwa nani, zikajenga nini, kikabaki kiasi gani. Msomaji awe mkuu wa mkoa mwenyewe, na muda wa maswali usikatwe.