Sakafu ya Mbao Katika Jumba la Mfalme

Fungueni madaftari. Leo twasoma habari za sakafu, tena sakafu ya mfalme.

Katika nchi ya Ufaransa liko jumba kubwa liitwalo Versailles. Mfalme Louis wa 14 alilipamba kwa marumaru, hata vyumba vya ghorofani vikatandikwa marumaru chini. Jiwe hilo lapendeza macho, lakini sharti lioshwe kwa maji mara kwa mara. Maji yakapenya, yakashuka mpaka kwenye boriti za mti zilizobeba sakafu, nazo zikaanza kuoza. Fikirini wenyewe: juu kunang'aa, chini kunaoza, na mfalme apita hapo na wageni wake!

Mwaka 1684 marumaru iling'olewa, mafundi wakatandika mbao. Hawakutumia mbao pana. Ubao ukipata unyevu huvimba kwa upana wake, na ukikauka husinyaa. Kwa urefu haubadiliki sana. Basi walikata vipande vyembamba vya mti wa mwaloni, wakavipanga mshazari ndani ya fremu za mraba, ili kila kipande kivimbe kidogo tu. Watu husifu urembo wa sakafu ile. Mimi nasifu akili hiyo.

Mwaka 1941 Gustaf Kähr wa Sweden aliandikisha haki ya uvumbuzi wake wa ubao wa tabaka: juu mti mzuri, chini yake mti wa bei nafuu, nyuzi za tabaka moja zikikingama nyuzi za nyingine. Moja ikitaka kuvimba, ya pili yaizuia. Plaiwudi nayo hufanywa kwa kanuni ile ile.

Ubao wa namna hiyo waweza kulazwa juu ya sakafu ya mbao za zamani, kama hazichezi, vipande vipya vikikingama vile vya zamani. Waweza pia kulazwa juu ya saruji. Lakini saruji mpya hukaa na maji ndani kwa wiki nyingi, ingawa mkono waiona kavu. Fundi mwenye haraka ataona sakafu yake yainuka kama nundu ya ngamia. Fundi mzuri hungoja, hutandaza nailoni kwanza, kisha huacha nafasi ya kidole kidogo ukutani, mbao zipate pa kuvimbia.

Sasa andikeni jibu: Kwa nini boriti za Versailles zilioza?